Muulize Fundi Bomba: Tailizi zisubiri chini ya kitanda

Mwezi huu meseji nyingi ni za bafu, tena karibu zote za watu walioachiwa nyumba na wazee wao. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu imebeba na maswali ya wengine kama sita hivi.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Magomeni hapa Dar, nyumba ni ya marehemu baba, ile ya Kiswahili kabisa, korido katikati vyumba huku na huku, uani ndo kuna jiko, bafu na choo. Alijenga 1968. Mimi na wadogo zangu tumekubaliana bafu na choo tuvunje ukuta wa kati viwe chumba kimoja cha kisasa, sinki la kukaa, bomba la mvua lenye maji ya moto, tailizi mpaka juu, maana mama magoti yanamsumbua hawezi tena kuchuchumaa. Fundi alikuja akaangalia dakika kumi akasema bomba zilizopo bado nzima, tailizi tubandike juu ya sakafu ya zamani, sinki likae palepale kwenye tundu la zamani, wiki moja anamaliza. Mdogo wangu keshanunua na tailizi zenyewe ila mi roho inasita. Choo ni kile cha kuchuchumaa cha kumwagia maji, shimo liko nyuma karibu na ukuta wa jirani, kama hatua kumi na mbili hivi. Maji yanakuja kwa siku, tuna simtanki la lita 1000 liko chini. Nifanyeje? – Dada Mkubwa, Magomeni

JIBU: Marahaba dada, Mungu amrehemu mzee. Hizo tailizi ziwekeni chini ya kitanda kwanza, haziozi. Roho yako inasita kwa haki kabisa.

Tuanze na hiyo "bado nzima". Bomba za 1968 ni za chuma, zile sisi tunaita GI, zilipakwa zinki ndani na nje. Zinki ikishaliwa na maji, chuma kinaanza kutoa kutu kwa ndani, na kutu hii haipungui, inajengeka, kila mwaka inabana njia kidogo. Kwa nje bomba limepakwa rangi linapendeza, ukilikata ndo unashangaa. Nimekata ya inchi nusu kwenye nyumba ya umri kama wa kwenu, nikaiinua nichungulie juani: ndani imejaa mabonge ya rangi ya matofali, tundu lililobaki kalamu ya biki ingepita kwa kulazimisha. Mwenye nyumba miaka yote alikuwa analaumu mamlaka ya maji kwamba presha ndogo.

Wewe huna haja ya kukata. Asubuhi kabla mtu hajafungua maji weka ndoo nyeupe, fungua koki ya bafuni, uone kama yanaanza yakiwa na rangi ya chai kavu. Alafu siku maji ya mtaani yapo, chukua ndoo ya lita 20, pima inajaa kwa dakika ngapi kwenye koki iliyo karibu na mita ya maji, kisha pima ya uani. Kama ya mbele inajaa kwa dakika mbili na ya nyuma inachukua sita, hapo bomba limeshakujibu. Na kama mlishawahi kuingiza maji ya kisima cha chumvi kwenye mabomba hayo, wengi Dar tumefanya hivyo miaka ya shida, usihangaike hata kupima, badilisha tu.

Na ukibadilisha badilisha yote kuanzia mita hadi bafuni. Najua inauma kwasababu ya hela, kila mteja ananiambia fundi tutoe kipande cha bafuni tu, kilichobaki mwakani. Tatizo ukifunga spana kwenye uzi wa chuma cha zaidi ya miaka hamsini, unaweza kukaza hapa kikapasukia mita tatu mbele chini ya sakafu ya korido, sasa ulikuwa unatengeneza bafu umeanza kuvunja sebule. Tena ukirudisha presha nzuri kwenye bomba jipya, ile sehemu ya zamani iliyokuwa imezoea kupumua taratibu ndo inaanza kuvuja. Kwa hiyo toa laini mpya kabisa, ipitishe pembeni ya nyumba au juu ya ukuta wa korido, hiyo ya zamani ifungwe na iachwe hukohuko chini ilale na historia yake. Kabla ya mita usiguse, huko ni kwa mamlaka, wewe weka koki kuu mpya baada tu ya mita, ile ya mpini wa kugeuza robo, sio ya gurudumu. Zile za gurudumu zikikaa miaka bila kuguswa hazifungi, na siku ya dharura mpini unabaki mkononi.

Bomba tumia PPR, zile za plastiki za kuunganisha kwa kuchoma. Ya milimita 25 kwa laini kuu, 20 kwa matawi ya bafuni, na upande wa maji ya moto dai ile nene, imeandikwa PN20 kwenye mwili wake, soma mwenyewe dukani usiambiwe. Kwenye kuchoma ndo mafundi wanaharibu. Mashine inatakiwa ifike digrii 260, bomba la 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, unalichomeka moja kwa moja bila kulizungusha na unalishika mpaka litulie. Fundi mwenye haraka anaacha sekunde 15 huku anaongea na simu, plastiki inayeyuka inaingia ndani inaziba nusu ya njia, kwa nje kiungo kinaonekana kizuri kuliko vyote. Kasimame pale ukamhesabie, hakuna ubaya, we ndo unalipa. Na bomba lolote litakalopita nje uani lifukieni au lifunikeni, jua linaichakaza PPR.

Sasa choo, ambacho mimi naona ndo moyo wa swali lako ingawa umekitaja kwa kupita. Fundi anasema sinki la kukaa liwekwe kwenye tundu la zamani. Muulize, chini ya hilo tundu kuna nini? Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji kinakuwa na shingo yake imepinda chini ya zege, ndo inayoshika maji kuzuia harufu. Sinki la kukaa nalo lina shingo yake ndani ya mwili. Ukiziunganisha hizo shingo mbili, hewa inakwama katikati, choo kitakuwa kinaguguma na kuziba kila wiki, mtanunua dawa za kuzibua mpaka mchoke. Lazima ile ya chini ing'olewe, kwa hiyo sakafu inavunjwa upende usipende, na hapo ile wiki moja ya fundi wako imeshakufa.

Uzuri ni kwamba ukishavunja una nafasi ya kuchagua. Kuna masinki ya aina mbili: linalotolea chini na linalotolea nyuma ukutani. La kutolea chini ndo wengi wananunua bila kujua kuna lingine. Kwa nyumba yenu ningeenda na la kutolea nyuma na nitakwambia kwanini. Hatua kumi na mbili za kwako tuseme mita tisa. Bomba la choo la inchi nne linataka kushuka kama sentimita mbili na nusu kila mita, kwa hiyo mpaka lifike shimoni limeshuka sentimita 22 na kitu. Kama linaanzia chini ya zege, sentimita 20 chini ya sakafu, litafika shimoni likiwa sentimita 42 chini. Mdomo wa shimo lenu uko wapi? Kama uko juu ya hapo, maji hayapandi mlima, fundi atakwambia tuinue sakafu ya bafu, yaani tumjengee ngazi mama yule yule ambaye magoti ndo yametufikisha hapa. La kutolea nyuma linatoka kama sentimita 18 juu ya sakafu, linatoboa ukuta, linateremka nje uani, umepata nafuu kubwa na sakafu inabaki usawa wa uani. Kapime huo mdomo wa shimo leo kabla hujafanya kitu kingine, futi kamba, uzi na kipande cha bomba la uwazi lenye maji la kupimia usawa, basi.

Sinki linunuliwe KABLA ya kulaza bomba, libebwe mpaka hapo uani liwekwe chini, vipimo vichukuliwe kwenye lenyewe. Na ukipima kutoka ukutani kumbuka ukuta huo bado haujapigwa plasta wala tailizi, ongeza sentimita tatu hivi. Nimeshaona sinki limegoma kuingia kwa sababu ya unene wa tailizi tu, wakaanza kusaga ukuta mpya na grinda.

Maji ya kuoga yasiende kwenye shimo la choo. Zamani mlikuwa mnamwaga kopo mbili tatu, sasa mnaleta bomba la mvua, watu sita wanaoga, na Magomeni hamko mbali na bonde la Msimbazi, masika maji ya ardhini yako juu, shimo litajaa kabla hamjamaliza kusifia tailizi. Chimbeni shimo la pembeni la kunyonya kwa ajili ya maji ya kuoga na kufulia, bomba la inchi mbili kutoka kwenye tundu la sakafu, lipite kwenye gali trapu ya nje, kile kishimo kinachoshika maji kuzuia harufu, yenye mfuniko unaofunguka ili siku likiziba uingize waya bila kuvunja. Kona za digrii 90 chini ya sakafu sizipendi, weka mbili za 45 maji yapinde taratibu. Kama hujui tundu la bafu la zamani lilikuwa linaelekea wapi, koroga bluu ya nguo kwenye ndoo umwage kwa nguvu, alafu kimbia ukafungue chemba uone linatokea wapi au kama halitokei kabisa, maana kuna nyumba nyingi za umri huo maji ya bafu yalikuwa yanaishia kwenye mgomba tu.

Simtanki likiwa chini bomba la mvua halitokupa kitu. Kila mita kumi za kwenda juu ndo zinakupa presha ya bar moja, kwa hiyo tenki likikaa mita nne juu na bomba la mvua liko mita mbili, una mita mbili tu, sawa na bar 0.2. Yanatosha kuoga kawaida, hayatoshi kwa yale mabomba mapana kama sinia mdogo wako aliyoyaona kwenye simu. Hita ya papo kwa papo chagua inayokubali presha ndogo, ama mfunge pampu ndogo itokayo kwenye tenki. Kwenye tenki, narudia, sio pampu ya kunyonya bomba la mtaa, hiyo inawanyima maji majirani na inavuta uchafu unaoingilia kwenye nyufa za njiani. Na lita 1000 ni tani moja. Msiipandishe juu ya kenchi za mbao za mwaka 1968, jengeni mnara wa zege au wa chuma uani.

Bomba zikishalazwa, kabla ya plasta, zizibwe ncha zote, zijazwe maji kwa pampu ya mkono ya kupimia presha na ziachwe usiku kucha, sindano ikishuka kuna kiungo kinavuja. Alafu piga picha kila ukuta ukiwa na futi imeshikiliwa pembeni. Mimi 2009 nilikuwa natoboa ukuta wa bafu nililolifunga mwenyewe, nafunga kisahani cha sabuni tu, dirili ikaingia katikati ya bomba la maji ya moto, nikavunja tailizi tatu na rangi ile dukani ilikuwa imeshaisha, mpaka leo ukuta wa yule mteja una viraka vitatu. Kwenu hii ni muhimu zaidi maana mama atahitaji vyuma vya kushikia pembeni ya sinki, sehemu zake mziweke alama mapema na bomba zisipite hapo.

Sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande ukutani sentimita 20 hivi na sehemu ya kuogea ipande mpaka juu ya kichwa, ziba tundu, jaza maji yakae saa 24. Yakibaki palepale ndo mwite mdogo wako alete tailizi.

SWALI: Assalaam aleikum. Nyumba yetu ipo Mji Mkongwe, Unguja, ya ghorofa, ya mawe. Chumba cha kuogea kipo juu na dari ya chini imeanza kupiga madoa ya rangi ya kahawa, mchanga unadondoka. Fundi ataka kumwaga zege juu ya sakafu ya zamani inchi nne halafu tailizi, na mifereji yote aichimbie ndani ya ukuta. Ni sawa? – Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe

JIBU: Waaleikum salaam bibi. Si sawa, na mwambie asimame leo hii.

Sakafu hiyo imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Ukimwaga zege la inchi nne umeongeza karibu kilo 240 kwa kila mita ya mraba juu ya miti ambayo huenda imeshaoza. Chukua bisibisi upande ngazi kule chini, choma boriti pale inapoingia ukutani, maana kuoza kunaanzia kwenye ncha iliyofichwa, katikati miti inaweza kuwa mizima kama jana. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, weka nguzo za kushikilia dari usiku huohuo na hicho chumba kisiogewe tena mpaka boriti zibadilishwe.

Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, hauna tofali za kupangika. Fundi akiuchimba mfereji mrefu wa kulala anaukata mgongo, akija kuuziba na sementi unyevu unakosa pa kutokea, plasta ya jirani inabanduka. Bomba zipite nje ya ukuta, zishikwe na klipu, kona moja tu ya chumba zishukie hapo, na ukitaka zisionekane jengea kisanduku chepesi chenye mlango. Zikivuja unaona siku hiyohiyo badala ya miaka mitatu baadae kwenye dari. Hata maji machafu yashuke kwa bomba moja la nje upande wa kichochoro au ua wa ndani. Tena Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kazi ya hivyo inataka kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe, wapitie mapema, wao wenyewe wanajua mafundi wa chokaa na hapo unahitaji fundi chokaa kabla ya mimi.

SWALI: Fundi, niko Majengo, Mombasa. Tumeweka shawa ya umeme kwa bafu la zamani, nikigusa mfereji wakati maji yanatoka nasikia kama chungu wananitembea mkononi. Mume wangu asema ni kawaida ya maji ya chumvi. – Mke wa Majengo

JIBU: Sio kawaida mama, mzime hiyo shawa kwenye swichi kuu sasahivi na msiioge tena mpaka fundi umeme aje. Hao chungu ni umeme unatafuta njia ya kwenda chini na njia imekuwa wewe. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi na yanakula koili haraka, hapo mumeo ana nusu ya haki, lakini kinachofanya ukausikie ni waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haupo au umekatika. Nyumba za zamani nyingi mtu alikuwa anategemea bomba la chuma ndo liende ardhini, alafu tunakuja sisi mafundi bomba tunalitoa tunaweka plastiki, tayari athi imeondoka na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba. Hiyo ni dhambi yetu. Shawa hizo zinakula kilowati 5 kwenda juu, dai waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 4 kama njia ni fupi na 6 kama ni ndefu, breka yake, athi ya kweli iliyopimwa, na ile breka inayokatika yenyewe umeme ukivuja. Alafu kwa chumvi hiyo nunua shawa iliyoandikwa ni ya maji ya chumvi, zipo.

SWALI: Nipo Muscat, nyumba ya mama iko Tanga, nikirudi likizo kila mwaka bafu la wageni linanuka kama shimo siku mbili tatu alafu harufu inaisha yenyewe. Tulishabadilisha sinki, tulishapaka rangi, tumevunja mpaka sakafu! Mjomba kasema kuna panya kafa. – Mtoto wa Chumbageni

JIBU: Mlivunja sakafu bure ndugu yangu, pole. Tundu la sakafuni lina kikombe cha maji chini yake, ndo mlango wa kuzuia harufu ya shimo. Bafu lisipotumika miezi kadhaa na joto la Tanga, maji yale yanakauka, mlango uko wazi. Ukija ukaoga siku mbili kikombe kinajaa, harufu inaondoka, mjomba anasema panya kaisha kuoza. Mwambie aliyepo nyumbani kila wiki mbili amwage jagi la maji kwenye tundu la sakafu na la beseni, na avute choo mara moja. Kama hakuna mtu kabisa, siku unaondoka ukishamwaga maji ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, yanaelea juu yanachelewesha maji kukauka. Ukirudi ikanuka tena hata baada ya hayo, niandikie uniambie kama kuna bomba la hewa linalopanda juu ya paa, maana nyumba nyingi lilikuwepo likaja kukatwa siku ya kubadilisha bati.